Shule ya ndani ya ikulu: angalia nani kakaa dawati la pembeni

Watu wengi ukiwatajia shule iliyojengwa ndani ya ikulu kwa ajili ya watoto wa mfalme, picha inayowajia ni katoto kamevaa suti kanafundishwa kukaa mezani, kusalimia mabalozi, kuongea lugha tatu nne na kupanda farasi. Hayo yapo, sikatai. Ila mi nimekuwa nikifuatilia hii ishu ya Collège Royal ya Rabat kule Moroko kwa muda sasa, na kadri ninavyosoma ndo naona masomo yenyewe ni jambo dogo sana pale. Kitu kikubwa ni wale watoto wengine, wale waliochaguliwa kukaa darasa moja na mwanamfalme.

Kwa asiyeijua, hii shule ilianzishwa 1942 na Sultani Mohammed ben Youssef, ambaye baadae dunia ilimjua kama Mfalme Mohammed wa Tano, na iko ndani ya eneo la ikulu ya Rabat. Utaratibu wake ni wa ajabu kidogo. Mrithi wa kiti akifika umri wa shule ikulu inamtafutia wenzake, kama dazeni hivi, wengine watoto wa wakubwa wa Rabat lakini wengine ni vijana wa kawaida kabisa kutoka vimiji vya mbali huko milimani na mikoani ambao matokeo yao yalikuwa makali, wanaletwa ikulu wanalala bweni, wanakula pamoja, wanasoma pamoja na mwanamfalme mpaka bakaloria, yaani mtihani wa mwisho wa sekondari. Huyo mwanamfalme akimaliza, darasa lake limeisha. Akija mwingine anatengenezewa lingine. Hebu fikiria, darasa zima linaundwa kumzunguka mtoto mmoja.

Sasa swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza: wanafundishwa nini huko cha siri? Jibu ni kwamba hakuna siri kubwa. Mohammed wa Sita mwenyewe, mfalme wa sasa na mjukuu wa huyo mwanzilishi, kwenye hotuba yake ya Agosti 20, 2013 alipokuwa anaisema vibaya elimu ya nchi yake (na aliisema kweli, hakuuma maneno), alikumbusha kwamba yeye alisoma kwa mitaala na programu zilezile za shule za umma za Moroko. Na ni kweli, mwisho wa siku wanafanya bakaloria ileile, yeye aliipata 1981, mwanae Moulay Hassan akaipata 2020. Ndo hapo hoja yangu inapoanzia. Kama silabasi ni ileile na mtihani ni uleule, basi tofauti ya shule ya ikulu na shule ya kata iko sehemu nyingine, iko kwa mwalimu aliyepo, kwa idadi ya watoto darasani, na zaidi ya vyote iko kwa jirani yako wa dawati.

Tuwaangalie hao majirani basi. Fouad Ali El Himma, kijana wa Rhamna, eneo liko kaskazini ya Marrakech, alisoma na Mohammed wa Sita hapo hapo, leo ni mshauri wa mfalme na watu wa Moroko wenyewe wanamuita namba mbili wa nchi bila kupepesa. Yassine Mansouri alitoka Bejaad, mji mdogo ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia, naye darasa hilohilo, na tangu 2005 ndo bosi wa idara ya ujasusi wa nje, raia wa kwanza kupewa hiyo nafasi maana kabla yake walikuwa wanakaa wanajeshi tu. Fadel Benyaich, darasa hilo, akawa balozi Hispania, na kwa Moroko ubalozi wa Madrid ni kazi nyeti, pale kuna Sahara Magharibi, kuna wahamiaji, kuna Ceuta na Melilla, miji ya Hispania iliyo pwani ya Moroko. Hassan Aourid, kijana wa Kiamazigh (Waberber) kutoka upande wa Errachidia, darasa hilo, akawa msemaji wa kwanza wa ikulu mfalme alipokalia kiti 1999, kisha gavana wa mkoa wa Meknès-Tafilalet, kisha mwanahistoria rasmi wa ufalme.

Darasa moja la watoto kama dazeni, limetoa mshauri mkuu, mkuu wa ujasusi, balozi, msemaji. Mi sijui shule ya uongozi duniani yenye rekodi kama hiyo kwa asilimia, hata zile kubwa za Ufaransa zinazopika maraisi. Ukiona vyaelea vimeundwa.

Na sio bahati ya kizazi kimoja. Baba yake Mohammed wa Sita, yaani Hassan wa Pili, ndo alikuwa mwanafunzi wa mwanzo kabisa wa shule hii, alikuwa na miaka 13 hivi inaanzishwa. Mmoja wa wenzake darasani alikuwa Ahmed Osman, mtoto wa Oujda, ambaye baadae alimuoa dada wa mfalme, Lalla Nuzha, na akawa waziri mkuu toka 1972 mpaka 1979. Kwahiyo mtindo ulishaonekana mapema, unamlea kijana ndani ya nyumba, anakuwa rafiki, akikua unampa nchi aisimamie pamoja na wewe.

Kwanini mfalme afanye hivi? Mi nadhani inabidi tumuonee huruma kidogo mfalme hapa, japo kidogo tu. Tatizo la mtu aliyezaliwa kutawala ni kwamba hajui nani anampenda yeye na nani anapenda kiti. Ndugu zake wa damu ndo wapinzani wake wa kwanza, historia ya falme zote imejaa hao. Wanasiasa wana vyama vyao, majenerali wana bunduki zao. Rafiki uliyemjua mkiwa na miaka kumi, mliyenyang'anyana mpira, aliyekuona unalia kwa kufeli hesabu, huyo angalau unajua uso wake halisi ulikuwaje kabla hajajifunza kuuficha.

Angalia pia muda lile darasa la Mohammed wa Sita lilipokuwa linaundwa, miaka ya 70. Julai 10, 1971 wanajeshi walivamia sherehe ya kuzaliwa kwa Hassan wa Pili kwenye ikulu ya Skhirat wakaua watu kibao, mfalme akaponea chupuchupu. Agosti 16, 1972, mwaka mmoja tu baadae, ndege za kivita za jeshi lake mwenyewe zikaishambulia ndege yake angani akitokea Ufaransa, akapona tena, na ikaonekana nyuma ya mpango alikuwa Jenerali Oufkir, waziri wake wa ulinzi, mtu aliyemuamini kupita kiasi, mtu aliyekulia kwenye jeshi la Wafaransa. Mwanamfalme alikuwa hajafika hata miaka kumi wakati huo. Sasa wewe ni baba, jenerali wako kipenzi kataka kukulipua angani, halafu unamchagulia mwanao marafiki. Mi nakwambia ungewachagua kwa umakini wa hali ya juu, ungewatoa familia ambazo hazina jeshi wala mali nyuma yao, na ungewalea mwenyewe chini ya dari yako. Huo ni usomaji wangu wa matukio, lakini nikiangalia walitoka wapi hao vijana naona unakaa.

Hapa inabidi turudi nyuma mpaka 1942 kwasababu mwanzo wake ulikuwa na sababu tofauti kabisa, na nzuri kuliko hii. Moroko ilikuwa chini ya Ufaransa toka 1912, na Wafaransa tayari walikuwa na shule zao za kuwalea watoto wa wenye majina, kuanzia enzi za Marshal Lyautey, mtawala wa kwanza wa Kifaransa pale, kama Collège Moulay Youssef pale Rabat na Moulay Idriss kule Fes. Lengo la zile shule lilikuwa wazi, kutengeneza tabaka la wenyeji wanaojua Kifaransa cha kutosha kutumika lakini sio cha kutosha kusumbua. Sultani akaona mwanae akienda huko atarudi Mfaransa mweusi wa kofia nyekundu, na akimwacha kwa mashehe peke yake atakuja kuongozwa kama kipofu mezani kwa wazungu. Akaamua kuleta shule nyumbani, Qurani na Kiarabu upande huu, Kifaransa na sayansi upande huu, yeye mwenyewe akiwa anafuatilia. Kwa wakati ule huo ulikuwa ni ujasiri. Aliwasomesha na mabinti zake pia, na Aprili 1947 kule Tangier binti yake Lalla Aicha akasimama hadharani bila ushungi akahutubia habari ya kusoma na maisha ya kisasa, nchi nzima ikabaki inaongelea hilo. Baadae akawa balozi wa Moroko kule London. Wasomaji wa Zanzibar watamkumbuka Sayyida Salme, mtoto wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni 1844 kwenye jumba ambalo watoto wa kike walifundishwa kusoma tu, kuandika alijifunza mwenyewe kwa kujificha. Miaka mia moja katikati yao.

Alafu kuna hadithi ya mwalimu wa hesabu, na hii ndo inayonifanya nisiweze kuiangalia hii shule kwa jicho jepesi. Kati ya waliomfundisha Hassan alikuwepo Mehdi Ben Barka, mtoto wa Rabat wa familia ya kawaida, aliyezaliwa 1920, kichwa cha hesabu cha kutisha. Moroko ilipopata uhuru 1956 akawa mwenyekiti wa baraza la mashauriano la taifa, 1959 akaongoza kuanzisha chama cha mrengo wa kushoto cha UNFP, na baada ya hapo mwalimu na mwanafunzi wakawa mahasimu. Akahukumiwa kifo mara mbili akiwa nje ya nchi. Oktoba 29, 1965 polisi wawili wa Kifaransa wakamsimamisha mbele ya mgahawa wa Lipp mjini Paris, akaingia kwenye gari, na mpaka leo mwili wake haujapatikana. Mahakama ya Ufaransa 1967 ikamtia hatiani Oufkir bila yeye kuwepo, ndo huyohuyo Oufkir wa ndege.

Miezi saba kabla ya hapo, Machi 1965, wanafunzi wa Casablanca walikuwa wameingia barabarani kwasababu wizara ilitoa waraka wa kuwazuia waliozidi umri kuendelea na sekondari ya juu, wazazi wao na watu wasio na kazi wakaungana nao, jeshi likapiga risasi. Na mfalme, huyu aliyesomeshwa na walimu bora kuliko wote nchini, akaenda kwenye redio akawaambia walimu kwamba hakuna hatari kwa taifa kama hao wanaojiita wasomi na kwamba ingekuwa heri wangekuwa hawajui kusoma. Huyo ni zao la Collège Royal. Alikuwa msomi kweli, sheria alichukua Bordeaux, Kiarabu chake na Kifaransa chake vilikuwa vinasifiwa hata na maadui. Kwahiyo mtu akiniambia shule nzuri inamfanya mtawala awe mpole kwa wanaotaka shule, namuelekeza Casablanca 1965.

Falme nyingine nazo zimejaribu dawa hizi. Hispania 1948, dikteta Franco na baba yake Juan Carlos, mfalme wa baadae, walikubaliana kijana huyo arudi nchini, ana miaka kumi tu, akawekewa shule yake pekee kwenye jumba la Las Jarillas nje ya Madrid na vijana wanane wa kuchaguliwa, ila wale walikuwa watoto wa makabaila na matajiri, watu ambao wangekuwa karibu na mfalme hata bila hiyo shule. Uingereza wao wameenda upande mwingine, mfalme wa sasa Charles ndo mrithi wa kwanza kupelekwa shule ya kawaida ya nje tangu utotoni na watoto wa watu wengine, kabla yake kwa kawaida walimu walikuwa wanaingia ikulu. Na Waturuki wa Osmani ndo walikuwa na mkato mkali kuliko wote. Pale ikulu ya Topkapı shule kubwa, Enderun, haikuwa ya wanawafalme hata kidogo, ilikuwa ya vijana waliochukuliwa kwenye familia za Kikristo za Balkani, wakasilimishwa, wakasomeshwa miaka mingi na kupandishwa ngazi kwa uwezo, ndo ikatoa watu kama Sokollu Mehmed Pasha aliyekuwa waziri mkuu 1565 mpaka 1579 chini ya masultani watatu. Wanawafalme wenyewe walikuwa na kidarasa chao upande wa harem, na kuanzia karne ya 17 wengi waliishia kufungiwa humohumo, Suleiman wa Pili alikaa ndani karibu miaka 40 kabla ya kutolewa kukalishwa kwenye kiti 1687. Wale jamaa walielewa mapema kwamba dola inaendeshwa na waliosomeshwa pembeni ya mfalme, mfalme mwenyewe hata akiwa mbumbumbu gurudumu linaenda. Moroko kwa namna fulani imeziunganisha hizo shule mbili ndani ya chumba kimoja.

Sisi huku tulikuwa na Tabora, ilianza 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, Mwingereza akitaka machifu wa kesho waelewane naye. Nyerere, mtoto wa Chifu Burito, akaingia 1937, na 1963 serikali yake ndo ikafuta madaraka ya machifu. Tofauti ni kwamba Tabora hakukuwa na mtoto mmoja ambaye wengine wote waliletwa kwa ajili yake. Ukiondoa huyo mtoto wa katikati, shule inaanza kuwaza yenyewe.

Turudi Rabat. Wanaoitetea Collège Royal wana hoja moja nzito ambayo siwezi kuiruka: hiyo shule imemtoa mtoto wa Bejaad ikampeleka juu kabisa, wakati nchi nyingi zenye rais wa kuchaguliwa mtoto wa aina hiyo angeishia kuwa mwalimu wa msingi hukohuko. Ni kweli kabisa. Lakini ebu tuiangalie vizuri. Yule mtoto hakuomba, hakukuwa na tangazo wala mtihani ambao jirani yake angeweza kuufanya pia, aliteuliwa na mtu aliyetumwa kutafuta. Mamilioni ya watoto wa umri wake hawakujua hata kama kuna nafasi inajazwa. Mi hiyo siiiti fursa, ni bahati iliyopitia mlango wa nyuma, na ubaya wake ni kwamba inamfunga aliyeipata, kwasababu kila alichonacho kinatokana na mtu mmoja na yeye anajua, na huyo mtu anajua kwamba anajua.

Matokeo yake kisiasa yameshaonekana. El Himma 2007 alitoka wizara ya mambo ya ndani akagombea ubunge kwao Rhamna akashinda, Agosti 2008 akaanzisha chama cha PAM, na Juni 2009, chama hakijatimiza hata mwaka, kikawa cha kwanza kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Chama gani duniani kinakua hivyo kama sio kwamba kila diwani na kila mfanyabiashara anajua mwenye chama alikaa dawati gani? Vijana wa Februari 20, 2011 walipoingia barabarani kudai mageuzi hawakumtaja mfalme vibaya sana, ila mabango yenye sura ya El Himma yalikuwepo, wanasema atoke. Ben Guerir, mji mkuu wa hilo eneo lake, leo una chuo kikuu kikubwa cha kisasa chenye jina la Mohammed wa Sita. Uhusiano wa hayo mambo kila mtu atajipimia.

Pamoja na hayo sio kwamba wote wamebaki midomo imefungwa. Aourid baada ya kutoka serikalini alirudi kufundisha siasa chuo kikuu na kuandika, na anaandika kwa ukali kuhusu elimu na kuhusu watawala, kiasi kwamba ukimsoma unajiuliza kama kweli ni yule aliyekuwa anasimama kwenye maikrofoni ya ikulu. Ben Barka kwa upande wa walimu, Aourid kwa upande wa wanafunzi. Wachache, ila wanaonyesha kwamba hata ukichagua kwa mkono hauna uhakika umechagua nini.

Kinachonikera mimi zaidi ni sehemu ambayo haina drama. Katiba mpya ya Moroko ya 2011 ililazimisha mfalme amteue mkuu wa serikali kutoka chama kilichoongoza uchaguzi, watu wakashangilia, Novemba mwaka huo chama cha PJD kikashinda na Benkirane akateuliwa. Desemba, siku chache tu baada ya hapo, El Himma akatangazwa mshauri wa mfalme. Waziri anaweza kuitwa bungeni, anaweza kuulizwa maswali, anaweza kuondoka na uchaguzi. Mshauri wa mfalme haitwi na bunge na uchaguzi haumgusi. Yaani mnapiga kura mnapata serikali, alafu kuna darasa la bakaloria ya 1981 liko juu yake, na hilo halipigiwi kura.

Septemba 2025 vijana waliojiita GenZ 212 waliingia mitaani kwenye miji mingi ya Moroko, na madai yao mawili ya mbele yalikuwa hospitali na shule, wakiuliza kwanini viwanja vya Kombe la Dunia la 2030 vina pesa na madarasa hayana. Wengi wao ni rika la Moulay Hassan, aliyezaliwa Mei 2003. Wamesoma silabasi moja na yeye na kufanya mtihani wa aina moja, wao wakiwa wamebanana darasani, au wazazi wao kama wana uwezo wakiwakimbiza kwenye shule za Kifaransa kama Descartes ya Rabat na Lyautey ya Casablanca. Yeye sasa hivi anaonekana akipokea wageni wa nchi na kukagua gwaride. Wenzake wa darasa nao wameshafika umri wa kuanza kazi, na itafika siku mmoja mmoja ataanza kutajwa kwenye taarifa fupi za ikulu, kateuliwa huku, kapelekwa kule. Waandishi wa Moroko waliozoea hizo taarifa wanajua kitu cha kwanza cha kuangalia kwenye wasifu wa mtu ni alisoma sekondari wapi.